Honi ikihamia pembeni, ulizia na eabegi

Kama uko Kigoma na umepanda hizi gari ndogo za mjini, za Mwanga kwenda Ujiji au zile Probox za kwenda Kasulu, hii kitu lazima umeiona ila hukuitilia maanani: dereva akitaka kupiga honi hagusi usukani, anapeleka mkono pembeni ya dashibodi anabonyeza kitufe kidogo kama cha kengele ya mlangoni. Honi inalia, safari inaendelea. Na mimi nilinunua gari yenye kitufe hicho hicho, used ya Japani ila mtu alishaitumia hapa bongo miaka kadhaa, nikakaa nayo kama miezi nane nakifurahia kabisa kile kitufe maana kilikuwa karibu na kidole, mpaka siku fundi wangu mmoja wa Katubuka akaniuliza, "Kaka, hivi taa ya eabegi huwa inawakaga ukifungua swichi?"

Nikamwambia haijawahi kuwaka hata siku moja, gari iko safi.

Akacheka. "Haijawahi kabisa? Hiyo ndo mbaya sasa."

Hapo ndo nikaanza kusoma haya mambo, na nikagundua watu wengi sana (mimi wa kwanza) tunanunua gari tukiuliza "ina eabegi ngapi" kama vile tunauliza ina viti vingapi, wakati hatujui hiyo mifuko ya hewa inafanyaje kazi, inashirikiana na nani, na utajuaje kama bado iko hai. Ngoja nieleze nilivyoelewa, kwa lugha ya kijiweni tu.

Kwanza ile taa. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, dashibodi inawaka taa nyingi kwa pamoja, si ndio? Pale kompyuta ya gari inaita majina kama mwalimu wa zamu. ABS (ile ya breki) upo? Nipo. Eabegi upo? Nipo. Ile ya eabegi ni kamtu kamekaa kamefunga mkanda na mbele yake kuna mpira, na inatakiwa iwake kama sekunde sita hivi afu izime. Ikiwaka na kubaki, kuna tatizo. Lakini isipowaka kabisa ndo balaa zaidi, maana gari haina mdomo wa kusema inaumwa. Fundi alipofungua mita yangu akakuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa nyuma ya ile taa, kimekatwa vizuri kabisa na mkasi, kazi ya mtu aliyetulia. Akakibandua, taa ikawaka na haikuzima tena.

Akachomeka mashine ya kupimia, ikasema waya wa eabegi ya dereva hauna mawasiliano. Sasa sikia hii. Nyuma ya usukani kuna kitu kama bati la viatu, duara, ndani yake kuna utepe wa nyaya umejiviringisha kama springi ya saa, mafundi wanaita spairo kebo. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye usukani ambao muda wote unazunguka kulia na kushoto, maana ungeweka waya wa kawaida ungejisokota mpaka ukatike. Utepe huo ndo unapitisha honi na huo huo ndo unapitisha eabegi. Ukikatika, honi inakufa na eabegi ya dereva inakufa. Honi ikifa mwenye gari analalamika kesho yake, kwa hiyo anawekewa kitufe pembeni. Eabegi ikifa haipigi kelele, inawasha taa tu, na taa dawa yake ni tepu. Yani mtu alikarabati kile kinachosikika akafunika kile kisichosikika, afu mimi nikanunua.

Sio kila gari yenye honi ya pembeni eabegi imekufa, inawezekana ni waya wa honi tu umeleta shida. Ila ukiona kile kitufe, fungua swichi uangalie ile taa, ndo hilo tu.

Turudi kwenye eabegi yenyewe. Kwenye usukani pameandikwa SRS, na maana yake ukiigeuza kwa Kiswahili cha kawaida ni mfumo wa nyongeza wa kumshikilia mtu. Nyongeza! Maana yake kuna mwenye kazi yake, na yeye ni mkanda. Wengi tunadhani kinyume, kwamba mkanda ni wa trafiki na eabegi ndo ya kutuokoa, ndo maana mtu anatoka Kigoma mjini mkanda umelala, akikaribia askari anauvuta, akishapita anauachia. Kuna wanaoufunga nyuma ya mgongo afu wanaukalia ili ile alamu iache kupiga kelele.

Hebu fikiria hivi. Gari ikigonga kitu, kinachosimama ni gari, wewe uliye ndani bado unaenda na spidi ile ile mpaka kitu kikusimamishe, iwe mkanda, usukani au kioo. Kugonga kitu kigumu na spidi 50, ambayo mjini tunaiona ya kutembea tu, ni sawa na kudondoka kutoka mita kama 10, yani panda mwembe mrefu wa Ujiji mpaka juu kabisa afu ujiachie. Na ukiongeza spidi mara mbili, iwe 100, ule urefu hauongezeki mara mbili, unakuwa mara nne, mita karibu 40. Mwembe wa hivyo utautafuta sana. Kwa hiyo mtu anayesema "ntajishika na mikono" hajapiga hesabu.

Mkanda huu wa kisasa unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na injinia wa Sweden, Nils Bohlin, mwaka 1959 akiwa kampuni ya Volvo, na kabla ya hapo jamaa alikuwa akitengeneza viti vya ndege za kivita vinavyomrusha rubani nje ndege ikiharibika, yani ni mtu aliyekuwa anajua mwili wa binadamu unavumilia nini. Volvo wakaruhusu kampuni zingine zitumie ubunifu ule bure. Ujanja wake ni kwamba unashika mifupa migumu, nyonga na kifua na bega, sio tumbo. Ndo maana ule wa chini unatakiwa ulale chini kabisa kwenye nyonga, na mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo, kamwe sio juu yake. Ukiupitisha chini ya kwapa kwa sababu unakukwaruza shingo, umehamisha mzigo wote kwenye mbavu na tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwenye ajali hadi asilimia 50, na hicho ni kitambaa tu!

Ila kitambaa chenye akili. Ukiuvuta taratibu unakuja, ukiuvuta kwa nguvu ghafla unajifunga, na hiyo ndo namna ya kuupima ukienda kuangalia gari. Kwenye gari nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, mikanda ya mbele ina baruti ndogo ndani (kweli kabisa, baruti), ajali ikitokea inalipuka na kuukaza mkanda uondoe ule ulegevu kabla mwili haujaanza kuruka, afu kuna kifaa kingine kinauachia kidogo kidogo usije ukakuvunja mbavu. Baruti hiyo ni ya mara moja. Gari iliyopata ajali kubwa ikanyooshwa na kupigwa rangi, mikanda yake inaweza kuwa imeshatumika, na wewe utaiona iko palepale inang'aa.

Sasa muda. Ajali ya uso kwa uso inaanza na kuisha ndani ya sekunde moja ukiigawa kwa kumi, au ikizidi ni kidogo tu. Kope hujamaliza kufunga. Ndani ya huo muda sensa inatambua hiki ni kishindo cha kweli na sio shimo la barabarani, mkanda unakazwa, mfuko unapasua kifuniko na kujaa, na wewe unaufikia ukiwa umeshajaa na umeanza kutoa hewa kupitia matundu ya nyuma ili ukupokee kama godoro badala ya kukurudisha kama mpira. Mfuko wenyewe unajaa kwa karibu sehemu 30 za elfu moja ya sekunde, unakuja kwa spidi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa. Hiyo ni ngumi. Ukiwa hujafunga mkanda unakuwa umeshatupwa mbele, unakutana nao ndo kwanza unapasuka, na hapo kinachotakiwa kukuokoa ndo kinakuumiza. Kwa hiyo kaa kifua kiwe kama sentimita 25 kutoka usukani, na abiria wa mbele usipandishe miguu kwenye dashibodi hata kama safari ni ndefu na Nguruka bado mbali. Na ule unga mweupe na harufu baada ya kupasuka sio moto, watu wanaruka nje wanapiga kelele gari inaungua, kumbe sehemu kubwa ni unga wanaopaka mfuko usigande ulivyokunjwa.

Mtoto. Hapa nitasema kwa ukali kidogo maana hata kwenye familia yetu tunafanyaga. Kumpakata mtoto kiti cha mbele ni kumfanya yeye ndo awe eabegi yako. Mtoto wa kilo 10 kwenye kishindo kikubwa anaweza kuwa mzito kama kilo 300 kwa ile sekunde, hakuna mama wala baba mwenye mikono hiyo. Nyuma, kwenye kiti chake kama unacho. Na kile kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe kabisa mbele ya eabegi inayofanya kazi, mfuko ukipasuka unapiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Hesabu hiyo hiyo ipeleke kwenye buti. Sisi watu wa mawese tunajuana, dumu la lita 20 ni kama kilo 18, nalo halijafunga mkanda, na kwenye Probox hakuna ukuta kati ya mzigo na kisogo chako. Likiruka linakuja na uzito wa zaidi ya nusu tani. Lifunge kamba, au lilaze chini kabisa nyuma ya kiti.

Kuna ishu nyingine ya eabegi inayotuhusu moja kwa moja. Kampuni ya Kijapani Takata ilitengeneza vijazio vya eabegi, yani kale kakopo kanakoujaza mfuko, kwa kampuni nyingi za magari, ndani kulikuwa na kemikali inaitwa amoniamu naitreti, na ile kemikali ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu inaharibika, ikiwaka inalipuka kupita kiasi mpaka kale kakopo kanapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu wamekufa. Marekani peke yake vimerudishwa vijazio kama milioni 67, na Takata yenyewe ikaomba kufilisika mwaka 2017. Sasa joto na unyevunyevu, sisi tuko pembeni ya Ziwa Tanganyika, ongeza mwenyewe. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile ya 2000 yamo kwenye orodha ya kurudishwa, kwa hiyo chukua namba yako ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari yako, utaambiwa kama iliitwa irudishwe na kama ilibadilishiwa kijazio.

Afu kuna ule ubishi wa wazee. Mjomba wangu kila akiona gari mpya imegonga na pua imejikunja kama kopo anasema, "Angalia, plastiki! Landrova za zamani zilikuwa chuma." Ni kweli zilikuwa ngumu, na hilo ndo lilikuwa tatizo. Pua ya gari ya kisasa imetengenezwa ijikunje makusudi, ikijikunja inakula ule mwendo na kurefusha muda wa kusimama, wakati pale mnapokaa pamejengwa chuma kigumu pasijikunje. Wazo hilo ni la injinia Béla Barényi wa Mercedes-Benz, gari ya kwanza nayo ilitoka 1959. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima magari, IIHS, iligonganisha Chevrolet ya 1959, lile dude lenye chuma kweli kweli, na Chevrolet ya 2009. Nilitegemea lile la zamani liipasue mpya. Wapi! Kabini ya la zamani ilikunjamana, usukani ukamfuata dereva, yule sanamu wa majaribio wakasema angekuwa mtu angekufa. Wa kwenye gari mpya angeumia mguu. Mjomba nilimwonyesha video, akasema wazungu wamehariri.

Kwa mantiki hiyo hiyo, lile bampa la chuma la kuchomelea gereji linaharibu ule mpango wa kujikunja na linaweza kuzichanganya sensa za eabegi. Linapendeza, sikatai.

Mpaka hapa nimeongelea vitu vya wakati umeshagonga. Kuna vya kukuzuia usigonge, na hivi ndo vinavyoeleweka vibaya zaidi, hasa ABS. Watu wanadhani ABS inafupisha breki. Kazi yake kubwa ni kuzuia tairi zisijifunge, maana tairi iliyojifunga inateleza tu, hata ukizungusha usukani haikusikii. Kampuni za Bosch na Mercedes-Benz waliileta kwenye gari za kawaida mwaka 1978. Inaachia na kushika breki mara nyingi kwa sekunde, ndo maana ukikanyaga kwa nguvu pedali inatetemeka na kuguruma chini ya mguu, na wengi wakisikia hivyo wanashtuka wanaachia. Usiachie. Kanyaga mpaka mwisho, shikilia, afu kata usukani ukwepe. Ile ya kupampu, kanyaga achia kanyaga achia, tuliyofundishwa na wazee ni ya gari isiyo na ABS.

Sasa kwa sisi wa vumbi. Kwenye changarawe au mchanga mlaini ABS inaweza kukufanya usimame mbali zaidi, sababu tairi iliyojifunga huwa inalima na kukusanya kifusi mbele yake kinachosaidia kusimamisha, na ABS haikubali tairi ijifunge. Kwa hiyo ukitoka kwenye lami ukaingia vumbi, ongeza nafasi kati yako na wa mbele, gari yako bado inakata kona ila haisimami haraka kama ulivyozoea. Na taa ya ABS ikiwaka haimaanishi huna breki, breki za kawaida zipo, ila umerudi kwenye zama za kupampu. Mara nyingi ni sensa ya kwenye gurudumu imejaa tope au waya wake umekatwa siku ulipobadilisha shokapu, kitu kidogo.

Ndugu yake ABS ni ule mfumo wa kuituliza gari isiyumbe, Toyota wanauita VSC, wengine ESC au ESP. Chukulia unashuka kona za Manyovu, ghafla mbuzi, unakata kushoto, unarudisha kulia, mkia wa gari unaanza kutangulia. Kompyuta inaangalia usukani umeelekea wapi na gari yenyewe inaelekea wapi, ikiona havilingani inashika breki gurudumu moja tu, lile litakalovuta pua irudi kwenye mstari, na wewe hujafanya chochote. Hakuna dereva duniani mwenye pedali nne za breki. Mfumo huu ulianza 1995, ila ulisambaa zaidi baada ya aibu ya 1997, pale gari mpya ndogo ya Mercedes, A-Class, ilipopinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa mnyama barabarani, yale manyama makubwa ya kwao yenye mapembe kama majembe, na kampuni ikalazimika kuufunga mfumo huo kwenye A-Class zote. Ukiniuliza mimi, kati ya gari yenye eabegi sita isiyo na VSC na yenye eabegi mbili yenye VSC, nachukua ya pili bila kufikiria, maana barabara zetu tatizo ni mbuzi, ng'ombe, bodaboda isiyo na taa, na mkono unaoshtuka. Kuijua ni rahisi, tafuta kitufe au taa yenye gari dogo na michirizi miwili ya kuteleza, nayo inawaka na kuzima kama wenzake.

Zile za kamera na rada zinazopiga breki zenyewe zinakuja pia, Japani wameanza kuzilazimisha kwenye modeli mpya za kwao tangu Novemba 2021, na baada ya miaka zitafika huku zikiwa used. Nitazipita haraka: kamera inakaa juu ya kioo cha mbele nyuma ya kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, kwa hiyo ukibadilisha kioo lazima ipimwe upya, na ukibandika stika ya "Mungu Mwema" pale juu umemfumba macho. Inayokuonya ukitoka kwenye mstari inahitaji mstari uwepo, na hapo sina la kuongeza.

Ila yote hayo, ABS, VSC, kamera, yanapitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinagusa barabara kwa ukubwa kama wa kiganja. Tairi ikiwa kipara kompyuta haina cha kushika. Angalia pembeni ya tairi, zile namba nne za mwisho baada ya DOT, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi zangu, kumbe, zilikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

Spairo kebo tuliagiza Dar, ikaja na basi, fundi akatoa betri akasubiri kama robo saa kabla ya kugusa usukani maana mfumo wa eabegi unabakisha umeme kidogo, akafunga. Taa ikawaka, nikahesabu mpaka sita, ikazima. Na honi ikarudi katikati ya usukani. Kile kitufe cha pembeni nilimwambia akiache tu, na mpaka leo mjomba akiazima gari ndo anachobonyezaga hicho hicho, anasema kile cha kwenye usukani hakiamini.